Nimepata parachuti la zamani, muuzaji kasema ni la Normandy 1944, nitajuaje kama ni kweli?

mtafuta_kale

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimekaa na hiki kitu wiki ya pili sasa na kila nikikiangalia nazidi kuchanganyikiwa. Nimenunua kwenye mnada wa mtandaoni parachuti moja la zamani pamoja na mikanda yake, muuzaji aliandika kwamba ni la askari wa miavuli wa Marekani aliyeruka Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Mimi habari za vita vya pili nazipenda tangu niko shule, nikaona hili likinipita nitajuta, nikalipa.

Limefika. Ni begi la turubai lenye umbo la mto wa kukalia, karibu mraba, limejaa na lina uzito wa kutosha. Mikanda ilikuwa nyeupe zamani lakini sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ina kulabu tatu za springi, moja ya kifuani na mbili za mapajani. Upande wa kushoto kifuani kuna mpini wa chuma umekaa kwenye kifuko chake, na kutoka hapo waya unapita ndani ya bomba linalopindika mpaka kwenye begi. Lebo imefutika sana, nasoma AN651 halafu namba inayofuata haionekani vizuri, inaweza kuwa 0 au 6, na chini yake kuna 1943.

Sasa maswali yangu. Kwanza je ni la kweli la wakati wa vita au ni zile kopi za watu wa maigizo ya vita? Pili ni la Normandy kweli? Tatu ndani ni hariri? Maana nilikuwa najua parachuti zote za zamani ni hariri. Na la mwisho, linanuka uvundo, naweza kulifua?

---

fundi_mikanda

Mkuu karibu, na hongera, umeanza na kitu kizuri kuliko unavyodhani ingawa sio kile ulichoambiwa.

USIFUE. Na usivute huo mpini ukiwa peke yako umekiinamia, nitakwambia kwa nini.

Hiyo maelezo yako ya "mto wa kukalia" ndo jibu lenyewe. Parachuti la askari wa miavuli wa Marekani wakati ule lilikuwa T-5, na baadaye kwenye vita T-7, na yote mawili yanakaa MGONGONI, na hayana mpini wa kuvuta kwenye mwavuli mkuu. Yana kamba ndefu ya futi 15 ambayo askari anaifunga kwenye waya ndani ya ndege, akitoka mlangoni kamba ndo inamfungulia, yeye hana kazi ya kuvuta chochote. Mpini anao lakini ni wa ule mwavuli wa akiba unaokaa tumboni. Sasa wewe una begi la kukalia na mpini kifuani kushoto, hiyo ni parachuti ya RUBANI. Viti vya ndege nyingi za kivita vilikuwa na shimo kama bakuli, rubani anaingia na parachuti lake limening'inia nyuma ya mapaja, akikaa linakuwa ndo mto wake, anaruka nalo masaa manne hadi matano amelikalia. Ndo maana ukigusa upande wa juu wa hilo begi utakuta kama limebonyea katikati na turubai limesuguka kuliko kwingine, angalia uniambie.

Namba yako nadhani ni AN6510. Hiyo AN maana yake ni kiwango cha pamoja cha jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani, na 6510 ndo ile ya kukalia, yenyewe kabisa. Ya kifuani ya kubandika ni AN6513, hiyo walikuwa wanaivaa watu wa kwenye ndege kubwa za kudondosha mabomu, wale wapiga bunduki na waongoza njia, ambao kukaa na mzigo muda wote walikuwa hawawezi, kwa hiyo mikanda unavaa muda wote lakini begi unaliweka pembeni na ukisikia amri ya kuruka unalibandika kwenye kulabu mbili za kifuani.

Kwa hiyo Normandy kama askari wa miavuli hapana. Kama rubani, linaweza kuwa limefika popote, ila turubai peke yake haliwezi kukwambia lilikuwa wapi, mpaka liwe na karatasi.

Kuhusu mpini: ndani kuna mwavuli mdogo wenye springi, kazi yake ni kuruka nje na kuuvuta ule mkubwa, na nje ya begi kuna elastiki zenye ndoano zinazovuta mbavu za begi zifunguke kwa kasi. Baada ya miaka 80 elastiki nyingi zimekufa lakini springi ya chuma haijafa. Ukivuta umeinamia itakupiga usoni. Fungua mezani, mkiwa wawili, mmoja ameweka viganja juu ya mbavu za begi, na mwingine achomoe pini moja moja polepole. Na kama pini zimeshikwa na kutu usilazimishe, acha kwanza.

---

Nyuzi28

Naongezea kwenye hariri maana hapo watu wengi wanadanganyika, na wauzaji wanalipenda sana neno hariri.

Kabla ya vita hariri nyingi ilitoka Japani, biashara ilipokatika mwaka 1941 Wamarekani wakawa hawana namna ila kuhamia nailoni, ambayo kampuni ya DuPont ilikuwa imeitangaza 1938 tu na wanawake walikuwa wanaijua kama soksi ndefu. Tarehe 6 Juni 1942 dada mmoja anaitwa Adeline Gray, ambaye alikuwa mkunjaji wa miavuli kwenye kiwanda cha Pioneer kule Connecticut, aliruka mwenyewe na mwavuli wa nailoni mbele ya maofisa wa jeshi, akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Miaka miwili kamili kabla ya Normandy, tarehe ile ile. Kwa hiyo kitu cha 1943 cha Marekani uwezekano mkubwa ni nailoni, na hilo halipunguzi heshima yake hata kidogo.

Kujua, usiangalie mng'ao, vyote vinang'aa. Tafuta uzi uliolegea wenyewe kwenye pindo, usikate kitambaa, chukua nusu ya ukucha tu, ushike kwa kibano mbali na parachuti uchome. Hariri itanuka kama nywele zinazoungua na itaacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Nailoni haiwaki vizuri, inarudi nyuma na kuyeyuka, ikipoa inakuwa kishanga kigumu. Ikiwaka upesi kama karatasi na kuacha jivu laini basi ni pamba au reyoni (nyuzi za kiwandani zinazotokana na miti), na hapo ujue umeshika mwavuli wa mizigo. Hii ya mwisho ni muhimu sana wakuu. Yale maparachuti mekundu, ya bluu, ya kijani, ya njano, yalikuwa ya kudondoshea makasha ya silaha na dawa na chakula, rangi ilikuwa ili askari ajue kilichomo akiwa mbali, na mengi ni reyoni au pamba. Kila siku naona kitambaa chekundu cha reyoni kinauzwa kama "hariri ya askari".

Halafu uhesabu kamba. Mwavuli mkuu wa T-5 una kamba 28 na upana wa futi 28. Wa rubani mara nyingi ni futi 24 na kamba 24. Ukiufungua uhesabu kwenye pindo la chini, na hapo hapo kwenye pindo utafute muhuri wa wino wa kiwanda, utakuta jina, namba ya oda, na mwezi na mwaka. Viwanda utakavyokutana navyo ni Switlik, Pioneer, Irving, Reliance. Kipande kimoja kimoja pia kiangalie, kila kipande kimekatwa mshazari, yaani nyuzi zinakwenda upande, sababu yake ni kwamba kikipata tundu mpasuko unakimbilia kwenye mshono wa karibu unaishia hapo badala ya kupanda mpaka juu.

---

kulabu_tatu

Mimi nakusanya za Waingereza zaidi na za Wajerumani kidogo. Nitoe tofauti ili ukija kuona nyingine mnadani usiingie tena kichwa kichwa.

Za Waingereza, askari wa miavuli walivaa aina ya X. Hii ilizaliwa kwa uchungu, mwezi Julai 1940 kwenye mazoezi ya Ringway, uwanja wa ndege karibu na Manchester, dereva mmoja wa jeshi aliyeitwa Evans alinaswa na kamba zake mwenyewe akafa, na hapo ndo wakaunganisha mikanda ya kampuni ya Irvin na begi la kampuni ya GQ, ili kamba zitoke kwanza zinyooke halafu kitambaa kije mwisho. Ya Kimarekani ilikuwa kinyume, kitambaa kinatoka kwanza, ndo maana waliovaa T-5 wote wanasimulia ule mshtuko wa kufunguka, ulikuwa unakung'uta mwili mzima. Mwingereza vilevile hakuwa na mwavuli wa akiba vita nzima. Kwa hiyo ukiuziwa "seti kamili ya Mwingereza 1944 na akiba yake ya tumboni" jua mtu kaunganisha.

Alama za Mwingereza ni taji na herufi A M za Wizara ya Anga, na namba inayoanza na 15A, hiyo ndo sehemu ya maparachuti kwenye orodha ya vifaa vyao. Kifuani kuna boksi la duara la chuma, unazungusha kisahani halafu unapiga kwa ngumi na mikanda yote inaachia kwa pamoja. Hili boksi Wamarekani walilichelewa, kule Normandy watu walidondokea mashamba yaliyofurika maji huku wakihangaika kufungua kulabu tatu kwa vidole vilivyokufa ganzi na mzigo wote ule mwilini, baada ya hapo ndo na wao wakaanza kuliweka. Ukiambiwa mikanda ina boksi na iliruka Normandy na Mmarekani, uliza maswali mengi.

Mjerumani ni dunia nyingine kabisa. Miavuli yao inaitwa RZ 16, RZ 20, kamba zote zinakutana nyuma ya mabega, askari ananing'inia kama mtoto aliyeshikwa shati kwa nyuma, hawezi kuelekeza chochote, anatua kwa magoti na mikono, ndo sababu ya zile pedi kubwa za magoti. RZ 20 ndo waliyoshuka nayo kisiwa cha Krete Mei 1941, na silaha kubwa zao zilikuwa kwenye makasha mengine, mtu anatua na bastola na mabomu ya mkono anaanza kutafuta kasha lake huku anapigwa risasi. Mikanda ya RZ ya kweli ni adimu mno na kopi ni nyingi mno. Mimi sinunui ya Kijerumani bila kuishika mkononi, hata picha ziwe nzuri vipi.

---

mtafuta_kale

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Fundi umesema kweli kabisa, katikati ya begi pamebonyea na turubai limelainika kama ngozi, pembeni bado ni gumu. Nilivyogusa pale baada ya kusoma maneno yako nilikaa kimya kidogo, kuna mtu alikalia hapa.

Lebo nimeimulika tochi kutoka ubavuni na kweli ni AN6510.

Lakini mbona hamjanijibu vizuri kuhusu kufua, uvundo ni mwingi kweli.

---

dada_hifadhi

Kaka ngoja nikujibu mimi maana nina jeraha langu hapo. Miaka kama sita nyuma nilikuwa na mikanda ya Kiingereza ya kitani, michafu, nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikasema laini haina shida. Nilivyoitoa taji na tarehe vilikuwa vimeondoka na maji, beseni limebaki na rangi ya bluu kidogo. Mikanda ile ile, lakini kuanzia siku hiyo hakuna mtu anayeweza kuthibitisha ni ya mwaka gani, hata mimi mwenyewe. Wino wa zamani hausubiri. Tena kitani kikikauka kinajikunja na chuma kilichoko ndani ya mshono kinaanza kutu upya.

Uvundo unatolewa kwa hewa. Litandaze chumba kikavu chenye hewa inayopita, pasipo jua kabisa, wiki mbili tatu. Jua ni adui, hariri linaisaga iwe unga na nailoni nayo inachoka. Vumbi litoe kwa brashi laini, na ukitumia mashine ya kufyonza weka wavu mdomoni na nguvu iwe ya chini. Ukiona ukungu mweupe unaotoka kama poda vaa barakoa na fanyia nje kivulini. Madoa yaache. Doa la mafuta ya ndege ni sehemu ya kitu chenyewe.

Halafu raba. Ndani ya begi kamba zinashikiliwa na vishikizo, na kama kuna raba za zamani zitakuwa zimegeuka gundi, zinaganda kwenye nailoni na kuacha doa la kahawia lisilotoka tena. Zitoe kwa uangalifu, zipige picha zilivyokuwa, zitie kwenye kimfuko chake kando. Kitambaa usikikunje kwenye mikunjo ile ile ya zamani, tengeneza mikunjo mipya na ujaze karatasi laini isiyo na asidi katikati ili kisivunjike. Na usitundike mikanda kwenye msumari ikabeba uzito wa begi, mishono ndo inaumia, ilaze au ivalishe kwenye kiwiliwili cha maonyesho kilichotandikwa kitu laini.

Na jambo moja nasema kwa moyo wote: hata lionekane zima namna gani, mtu asiruke nalo. Kuna watu wanauliza hilo na wanauliza kweli.

---

mtafuta_kale

Nimerudi na habari. Tulifungua jana mimi na mdogo wangu mezani kama fundi alivyoelekeza. Pini tatu zilitoka, ya nne ilikuwa na kutu ikatuchukua nusu saa. Springi ya ule mwavuli mdogo iliruka kweli, mdogo wangu alikuwa ameshikilia.

Mwavuli ni mweupe, nimehesabu kamba 24. Uzi niliouchoma umeyeyuka na kuwa kishanga, kwa hiyo nailoni. Muhuri wa pindo unasomeka vizuri kuliko lebo ya nje maana haukuona mwanga miaka yote hiyo, lakini sasa unasema Februari 1944! Na lebo ya begi ni 1943. Je nimeuziwa vitu viwili vilivyounganishwa? Nimekosa raha kidogo.

---

fundi_mikanda

Usikose raha mkuu, hiyo ndo hali ya kawaida. Begi, mikanda na mwavuli vilikuwa ni vitu vitatu vyenye maisha tofauti. Parachuti halikuwa linakunjwa mara moja likaachwa, kila baada ya muda fundi wa kambini analifungua, analitundika lipate hewa, anakagua kila kipande na kila kamba, analikunja upya. Akikuta mwavuli una tundu au umelowa mafuta anautoa anaweka mwingine na begi linaendelea kufanya kazi. Mimi tarehe zikilingana zote kwa mwezi mmoja ndo naanza kushtuka.

Cha kuogopa ni tofauti ya aina nyingine. Mikanda ya nailoni kwenye begi la pamba la 1943. Vifungulio vya Capewell mabegani, hivyo ni vya baada ya vita. Velcro popote pale. Uzi wa poliesta kwenye mshono mkuu. T-7 nyingi ziliendelea kutumika miaka ya hamsini na zikauzwa kwa watu wa michezo ya kuruka ambao walizikata na kuzirekebisha wanavyotaka, kwa hiyo unakuta lebo ya kweli ya 1944 imekaa kwenye kitu ambacho nusu yake ni cha 1958. Washa pia taa ya UV gizani, nyuzi na vitambaa vya kisasa vingi vinawaka bluu kali kwa sababu ya dawa za kung'arisha, vya wakati wa vita vinabaki vimefifia. Ila kama mtu alishafua kwa sabuni ya unga ya siku hizi hata cha kweli kitawaka, kwa hiyo UV iwe shahidi wa pili, asiwe wa kwanza.

Mikanda yako kwa picha ulizonitumia ni pamba, mshono uzi wa zamani, kulabu zina kutu ya kawaida ya kwenye kona. Mimi naona ni ya kweli.

Swali moja: umeangalia kifuko kidogo cha turubai kilichoshonwa kwenye begi chenye mfuniko wa kubonyeza? Hapo ndo inakaa kadi.

---

Nyuzi28

Naomba kadi iwepo!! Wengi walizitupa.

Kingine kwa wanaosoma, kwa sababu kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu kwenda kuokota mikanda na vyuma kwenye mabaki ya ndege zilizoanguka. Usifanye hivyo bila kibali. Uingereza kuna sheria ya 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, ndege za kijeshi zilizoanguka ziko chini yake, na zaidi ya sheria, mikanda ikiwa bado imefungwa ndani ya ndege mara nyingine aliyeivaa naye bado yupo pale. Ukikuta kitu kama hicho piga picha, usiguse, toa taarifa. Na mabomu hayajui kama vita imeisha.

---

mtafuta_kale

IPO.

Kifuko kilikuwa chini ya mkunjo, nilidhani ni kiraka. Kadi ni ya karatasi ngumu, kona moja imeliwa na wadudu. Ina mistari ya tarehe na saini, wa kwanza Agosti 1943, wa mwisho Aprili 1945. Mistari ya kwanza ina mwandiko mmoja mkubwa wa kulala, halafu kuanzia Machi 1944 mwandiko unabadilika, herufi ndogo zilizobanana, na pembeni ya mstari huo huo kuna namba imekatwa kwa kalamu na nyingine imeandikwa juu yake. Namba hiyo mpya ndo iliyopo kwenye pindo la mwavuli. Nimelinganisha mara tatu. Kwa hiyo fundi ulichosema ndo hicho hicho, mwavuli ulibadilishwa na aliyeubadilisha aliandika.

Jina la rubani halipo, jina la kambi halipo. Ila yule wa mwandiko mdogo amesaini mara tisa. Mara tisa alilifungua, akalikagua, akalikunja, na halikuvutwa hata mara moja.

Nimemwandikia muuzaji kumweleza kwa upole kwamba sio la askari wa miavuli, nikamwambia sirudishi.

---

dada_hifadhi

Usirudishe kaka. Kadi usiirudishe kwenye kifuko, turubai lina asidi litaila. Ipige picha pande zote mbili leo leo, iweke kwenye bahasha ya plastiki ile ya kuhifadhia picha, halafu kwenye kifuko weka nakala. Na namba zote mbili, ya zamani iliyokatwa na mpya, ziandike kwenye daftari lako pamoja na ya kwenye lebo, maana ule mwavuli wa kwanza huenda nao upo mahali, kwa mtu mwingine anayeuliza maswali haya haya.

---

mtafuta_kale

Nimeshaandika. Namba ya zamani naiweka hapa mwisho kesho nikishaipiga picha vizuri, mwenye nayo aniambie.